Chuo Kikuu, Idara ya Afya na Wakfu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaohudumiwa

Maswali haya ni ya upande wa pili wa meza: upande wa anayeletewa mradi, anayeombwa damu, anayeitwa kwenye kikao cha "wadau" akakuta ajenda imeshaandikwa. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu na maswali hayalingani uzito.

Taasisi hizi tatu zinatofautiana vipi?

Tazama kila moja inawajibika kwa nani. Idara ya afya ya serikali inawajibika kwa sheria na kwa walipa kodi. Haichagui wagonjwa, wala haifungashi virago kwa kuwa mkataba umeisha. Chuo kikuu kinawajibika kwa wanafunzi wake, kwa taaluma na kwa anayegharamia utafiti wake; kina wajuzi, maabara na vijana wengi wanaotafuta mahali pa kujifunzia kazi. Wakfu una fedha na uhuru wa kuamua haraka, na unawajibika kwa bodi ya wadhamini na hati iliyouanzisha. Hakuna aliyeupigia kura. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo kasoro yake.

Mara nyingi utawakuta wote kwenye mradi mmoja: wakfu unalipa, chuo kinapima, idara inatekeleza. Ukiona nembo nne chini ya bango, uliza ni nani kati yao atakuwepo siku gari la mradi litakapokuwa limeshauzwa.

Kwani kazi ya chuo kikuu si kufundisha?

Ajabu ni kwamba swali hili huulizwa na wahadhiri wenyewe kuliko wananchi. Jibu lina zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1862 Abraham Lincoln alisaini Sheria ya Morrill, iliyoyapa majimbo ya Marekani ardhi, ekari 30,000 kwa kila seneta na mbunge wa jimbo, ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. (Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji wa asili, hili huwa halitajwi kwenye sherehe za kuadhimisha vyuo hivyo.) Vituo vya utafiti wa kilimo vikafuata mwaka 1887, na mwaka 1914 Sheria ya Smith-Lever ikaleta maofisa ugani wa kuyatoa maarifa ya chuoni na kuyafikisha shambani na nyumbani. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma kudai mageuzi, na vuguvugu lao likaacha wazo lililoenea Amerika ya Kusini nzima: kuhudumia jamii ni wajibu wa chuo sawa na kufundisha na kutafiti. Mexico ilianza mwaka 1936 kuwapeleka wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu cha taifa kutumikia maeneo yasiyo na madaktari, na utumishi huo ukawa sharti la kupata shahada.

Siku hizi huduma hiyo ina sura nyingi: kliniki za meno, msaada wa kisheria, vipimo vya udongo, masomo ya jioni. Nyingine huwezi kuzikisia. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Sampuli ambazo hadubini ya kliniki ilishazipitisha kuwa hazina ugonjwa hupitiwa tena na panya. Akikwaruza kwenye tundu la sampuli fulani, maabara huithibitisha, na mgonjwa ambaye angerudi nyumbani akiendelea kukohoa hutafutwa aanze dawa.

Nikihudumiwa na mwanafunzi, si najaribiwa?

Hapana, ilimradi yupo msimamizi mwenye leseni anayeweka saini yake. Uliza jina la msimamizi huyo. Kama hayupo jengoni, una haki ya kusubiri mpaka aje.

Idara ya afya inafanya nini wakati hakuna mlipuko?

Inahesabu. Vizazi, vifo, watoto waliokosa chanjo, visima vilivyochafuka, wagonjwa wa kuharisha waliozidi kawaida ya mwezi. Ni kazi isiyo na picha nzuri, na bajeti yake ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu ugonjwa uliozuiwa haumwoneshi mtu yeyote aliyeokolewa.

Ndui ilitokomezwa kwa namna hiyo. Kuchanja umma kwa mkupuo hakukutosha. Kilichoimaliza ni kumtafuta kila mgonjwa, kumtenga na kuwachanja wote waliomzunguka. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ugonjwa huo umekwisha. Maalin alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni ya polio, akawa anawasimulia wazazi kisa chake mwenyewe, mpaka alipofariki kwa malaria mwaka 2013. Hakuna bango la wizara lililoweza kusema alichokuwa anakisema yeye mlangoni kwa mtu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanalipwa?

Inategemea nchi, na hapa pana aibu ya muda mrefu. Brazil huwaajiri; kila mmoja huhudumia watu wasiozidi 750 na kuwatembelea majumbani. Kwingineko hupewa fulana, begi na cheti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka walipwe kulingana na kazi wanayoifanya. Mradi unaomlipa mratibu wa mkoa na kumwomba mama anayezunguka nyumba kwa nyumba "ajitolee" umeshaonesha unamthamini nani.

Wakfu hupata wapi fedha, na kwa nini hautoi zote?

Utaratibu wenyewe ni wa kale. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 iliendeshwa kwa kodi ya pango ya mali zilizowekwa wakfu, ikatibu tajiri na maskini. Mifuko ya wakfu ya leo hufanya vivyo hivyo: mtaji unawekezwa, na faida ndiyo inayotumika. Nchini Marekani, tangu sheria ya kodi ya mwaka 1969, mifuko binafsi inabanwa kutumia kiasi fulani kila mwaka. Kwa sasa ni takriban asilimia 5 ya mali yake. Wanaoukosoa utaratibu huu huuliza asilimia 95 iliyobaki imewekezwa wapi, na swali lao ni la haki: mfuko unaweza kuwa unatibu mapafu kwa mkono mmoja huku kwa mkono mwingine una hisa za kiwanda cha sigara.

Wengine huamua kujimaliza. Julius Rosenwald, tajiri wa Marekani, aliagiza mfuko wake utumike wote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki mwaka 1932 na mfuko ukafungwa mwaka 1948, kabla ya muda. Bill Gates alitangaza mwaka 2025 kwamba wakfu wake utafungwa mwishoni mwa mwaka 2045.

Hisani si njia ya tajiri kukwepa kodi?

Kwa sehemu, ndiyo. Anayetoa hupunguziwa kodi katika nchi nyingi, maana yake hazina ya umma imechangia bila kuulizwa iende wapi. Hilo halifanyi dawa iliyonunuliwa kuwa mbaya. Linafanya tu shukrani zisiwe za upande mmoja, na linampa mwananchi haki ya kuona hesabu.

Kwa nini mfadhili anatudai na sisi tuchangie?

Hoja ya wafadhili ni kwamba usichokitolea jasho hukitunzi. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, ndiye aliyeizoesha dunia masharti haya. Kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509, nyingi zikiwa Marekani na Uingereza. Alitoa jengo. Mji ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kila mwaka asilimia 10 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya vitabu, mishahara na matengenezo. Ipo miji iliyokataa. Mamia ya maktaba hizo zingali wazi, na nadhani siri imo kwenye ile asilimia 10 kuliko kwenye nguzo za mlangoni.

Lakini mchango una upande wake mchungu. Mfuko wa Rosenwald ulisaidia kujenga shule karibu 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani, kwa wazo alilolianzisha pamoja na Booker T. Washington, kiongozi wa elimu ya watu weusi, na wazazi walitakiwa kuchangia fedha, ardhi, mbao au nguvu kazi. Wazazi hao walikuwa walipa kodi. Serikali zao zilikuwa zikizipeleka kodi hizo kwenye shule za wazungu. Walilipia shule mara mbili, na bado walijenga.

Kwa hiyo mkidaiwa mchango, ulizeni kwanza kama kinachojengwa si wajibu wa serikali mliokwisha kuulipia. Kama mtachangia kwa nguvu, siku za kuchimba msingi na kubeba mchanga ziandikwe kwenye bajeti kwa thamani ya fedha. Safu ya "mchango wa jamii" ikiachwa wazi, mwakani mtasomewa ripoti inayosema mlipewa kila kitu.

Kwa nini baadhi ya watu hawaamini taasisi hizi hata zinapokuja na nia njema?

Kwa sababu zipo zilizokuja na nia nyingine, na watu hawasahau.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Kaunti ya Macon, Alabama. Kuanzia mwaka 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa wanaugua nini. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa bure. Kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kwa ajili ya kipimo kuliitwa tiba maalumu. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa inayojulikana ya kaswende, nao hawakupewa. Utafiti uliendelea mpaka Julai 1972, pale shirika la habari la Associated Press lilipoufichua.

Wanaosimulia kisa hiki huishia kuilaumu serikali. Tazama vizuri nani mwingine alikuwepo. Chuo cha Tuskegee, chuo cha watu weusi wenyewe, kilitoa hospitali na jina lake zuri. Wakfu wa Milbank Memorial ulilipia mazishi ya waliokufa, kwa sharti kwamba familia zikubali maiti zipasuliwe kuchunguzwa. Idara ya afya, chuo na wakfu, wote watatu. Kila mmoja alifanya kipande chake kwa utaratibu, na washiriki wakapewa vyeti vya shukrani. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 1997. Wakfu wa Milbank uliomba radhi mwaka 2022.

Ushirikiano wa taasisi, basi, si dhamana ya usalama. Unaweza kuwa namna ya kila mmoja kudhani mwenzake ndiye aliyeuliza maswali.

Hali kama hiyo hujitokeza hata pasipo ubaya. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, mwaka 2014, timu zilizochukua maiti kwenye mifuko bila ndugu kuaga zilipata upinzani mkali, na watu wakaanza kuficha wafu wao. Utaratibu ulibadilishwa ukawa wa mazishi salama na yenye heshima: familia inashirikishwa, sala inasomwa, ndugu wanatazama kwa mbali. Virusi havikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba waliofiwa walisikilizwa.

Nimeletewa fomu ya ridhaa. Ni lazima nisaini?

Si lazima. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa madaktari duniani uliopitishwa kwanza mwaka 1964, na sheria za nchi nyingi zinataka kushiriki kuwe kwa hiari, na kukataa kusikunyime tiba unayostahili. Usichanganye tu utafiti na hatua za lazima za afya ya umma, kama karantini wakati wa mlipuko. Hizo zina sheria zake.

Kabla ya kusaini, mwambie mtafiti akueleze kwa maneno yake nini kitafanyika kwenye mwili wako, mara ngapi, na ukidhurika nani atalipa matibabu. Fomu iwe katika lugha unayoielewa na nakala ibaki kwako. Asiyesoma awe na shahidi ambaye si wa timu. Namba ya simu ya kamati ya maadili iwepo, tofauti na ya mtafiti, maana huwezi kumshtaki mtu kwake mwenyewe. Akikuharakisha kwa kuwa "gari linaondoka", mwache aondoke nalo.

Damu yangu inaenda wapi baada ya hapo?

Uliza, na jibu liandikwe. Mwaka 1951 seli za uvimbe wa Henrietta Lacks zilichukuliwa katika Hospitali ya Johns Hopkins bila idhini yake. Zikaendelea kuzaliana maabara, zikatumika kwenye utafiti wa chanjo ya polio na mengi mengine, kampuni zikazifanyia biashara. Familia ilijua zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwaka 2023 ilifikia mapatano na kampuni moja iliyokuwa ikizitumia. Fomu nzuri hutenganisha mambo mawili: kukubali kipimo cha leo, na kukubali sampuli itunzwe kwa tafiti zijazo. Unaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili.

Mbona watafiti hawarudi na majibu?

Kwa sababu makala kwenye jarida humpandisha mtu cheo, na mkutano chini ya mti haumpandishi. Wanaorudi wapo. Utafiti wa moyo wa Framingham, Massachusetts, ulianza mwaka 1948 kwa watu 5,209, na majibu ya vipimo yalitumwa kwa daktari wa kila mshiriki. Watoto na wajukuu wao nao wakaja kujiandikisha. Kilifi, Kenya, ambako KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wakfu wa Wellcome wa Uingereza wamefanya kazi tangu mwaka 1989, wapo wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii ambao hukutana na watafiti, huleta malalamiko na huuliza matokeo yamefikia wapi. Dai mrejesho uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Usipowekwa hapo, hautakuja.

Mradi ukiisha, tunabaki na nini?

Mara nyingi, jengo lenye kufuli. Lakini si lazima iwe hivyo, na mfano ninaoupenda ni wa Bangladesh. Maabara ya kipindupindu ya Dhaka ilikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi yanamwokoa mtoto anayeharisha. Ugumu ulikuwa kuyafikisha nyumbani. Shirika la BRAC lingeweza kugawa pakiti, na pakiti zingeisha. Badala yake, kuanzia mwaka 1980 lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha kipimo cha mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya kiganja, maji ya nusu lita. Mama alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu, akaonja. Baadaye mkaguzi alipita kwa baadhi ya kina mama kuwauliza wanakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yalitegemea majibu yao. Kwa miaka kumi walifika kaya zaidi ya milioni 12. Mradi ulifungwa, vidole vitatu vilibaki.

Linganisha na kilichotokea mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada: kliniki ambazo mishahara yake yote ilitoka nje zilifunga milango ndani ya wiki chache. Swali la kumuuliza mfadhili siku ya kwanza: nani atanunua spea, nani atalipa umeme, na je, hilo limeandikwa kwenye bajeti ya halmashauri au limesemwa tu kwenye hotuba?

Tuna tatizo letu. Tunaanzia wapi?

Anzeni na ushahidi wenu wenyewe. Daftari lenye kaya kwa namba, tarehe na mtoto aliyeharisha, kwa miezi mitatu, litasikilizwa kuliko andiko lililojaa "changamoto mbalimbali".

Kisha pelekeni jambo kwa mwenye wajibu. Maji machafu, chanjo, taka: hiyo ni idara ya afya, kwa maandishi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kumwomba mfadhili kile ambacho serikali inawajibika kukitoa ni kuipa serikali likizo. Kama kinachokosekana ni ujuzi, kupima maji, kutafsiri takwimu, kuelewa sheria ya ardhi, nendeni chuoni, lakini msiandike kwa "Mkuu wa Chuo". Tafuteni mhadhiri anayefundisha somo hilo, mwandikieni kabla muhula haujaanza. Wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, naye ana sababu ya kuwajibu.

Wakfu uwe wa mwisho. Someni ripoti yake ya mwaka jana mwone ulimpa nani, kiasi gani, kwa kazi gani. Ikiwa haujawahi kugusa jambo kama lenu, msipoteze karatasi. Na yeyote anayedai "ada ya kuchakata ombi" kabla ya ruzuku ni tapeli. Wakfu wa kweli hauuzi fomu.

Tukiukataa mradi, tutaadhibiwa?

Kuna kupoteza, na msidanganyane: fedha zitakwenda kwingine. Lakini kukataa kunaweza kuwa mwanzo wa masharti yenu. Mwaka 2010 jenomu (ramani nzima ya vinasaba) za Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, zilichapishwa katika jarida kubwa la sayansi. Watafiti walipata idhini ya watu mmoja mmoja, viongozi wa Wasan hawakuulizwa, na baadhi ya maneno yaliyotumika kuwaeleza yaliwadhalilisha. Viongozi hawakuishia kulalamika. Mwaka 2017, Wasan wa Afrika Kusini walizindua kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zikisimama juu ya heshima, uaminifu, haki, kujali na utaratibu. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mtafiti huleta andiko lake kwao kabla ya kukusanya chochote, hurudi na rasimu kabla ya kuchapisha, na anayevunja ahadi anaweza kuwekwa kwenye orodha ya wasiokaribishwa tena.